Siku ya Taabu: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Nafanya kazi hotelini. Kila masika tunafungiwa, tunaambiwa turudi mwezi wa sita. Mwaka wa tatu huu naishika Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani wala si ya mabaya", na kila Aprili naishia kukopa. Je, imani yangu ni haba?
Msomaji, Nungwi

JIBU: Imani yako hatuioni kasoro. Kasoro iko kwenye kuukata mstari. Huo ni kipande cha barua ambayo Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli, na mstari ulio juu yake tu, wa 10, unataja miaka 70. Wengi walioisikia siku ya kwanza wasingeishi kuiona safari ya kurudi. Ndiyo maana kabla ya ahadi kuna kazi: mstari wa 5, jengeni nyumba, pandeni bustani, wa 6, oeni na kuoza, wa 7, uombeeni amani mji ule ule mliopelekwa uhamishoni. Mlango mzima una mistari 32, haumalizi hata robo saa. Aliyeubandika wa 11 peke yake ukutani hukaa akingoja simu ya meneja. Aliyeisoma barua yote hupanda muhogo.

Sasa hesabu, maana masika hayamvamii mtu. Mithali 6:6-8 inamtuma mvivu kwa chungu, yule mdudu (wewe si mvivu, lakini somo ni lile lile): chakula hukusanywa wakati wa mavuno. Ikiwa hoteli hufungwa miezi 2 kati ya 12, kila mwezi wa kazi weka kando sehemu moja ya sita. Katika kila shilingi 60,000, weka 10,000 na ishi kwa 50,000. Baada ya miezi 10 una 100,000, ndiyo matumizi ya miezi miwili bila kujibana zaidi. Ikifungwa miezi mitatu, weka robo. Yusufu kule Misri alitaka sehemu ya tano, miaka saba mfululizo (Mwanzo 41:34), kwa hiyo usituone sisi wakali.

Panapoharibika ni hapa: watu huweka kinachobaki mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi hakibaki kitu. Toa siku ile ile ya mshahara, kabla hujafika sokoni. Bakshishi za Julai na Agosti nazo ni mavuno. Zikatie sehemu hiyo hiyo. Na kibubu cha chumbani kina desturi ya kupasuliwa. Afadhali hisa katika kikundi cha akiba kinachogawana mwezi wa Machi, pesa ikufikie mvua inapoanza.

SWALI: Mume wangu alifariki miezi minne iliyopita. Nikipiga magoti maneno hayaji. Wenzangu wa kanisani wananiambia nimtazame Ayubu, yeye alinyamaza.
Mjane, Mbweni

JIBU: Pole sana, mama. Wenzako wamesoma milango miwili ya mwanzo wakafunga kitabu. Hapa visiwani kila mtu, Mkristo na Mwislamu, humtaja Ayubu kwa subira, na subira anayo. Lakini kitabu chake katika Biblia kina milango 42, na ukifika wa 3 tu anailaani siku aliyozaliwa. Mwishoni, 42:7, hasira ya Mungu haimwakii yeye, inawawakia rafiki zake waliokuja kumfundisha. Jema walilolifanya ni lile la 2:13: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Mwenye kutaka kukusaidia aanzie hapo, na aje na chai.

Kuhusu sala, chukua Zaburi 13. Ina mistari sita tu. Wa 1 na wa 2 ni malalamiko, "hata lini" mara nne. Wa 3 na wa 4 ni ombi. Wa 5 na wa 6 ni tumaini. Chukua karatasi, andika "hata lini" zako, kwa maneno yako, hata yawe machungu. Kisha ombi moja, dogo: usingizi wa leo, ada ya skuli ya mtoto. Pale pa tumaini, ukikosa la kuandika, pawache patupu. Wengi hukwama kwa kurukia mstari wa 5 kabla hawajalia wa 1, maneno yakawa ya mdomoni tu. Na ukishindwa kabisa kufika huko, ipo Zaburi 88. Hiyo inaishia gizani, na bado imewekwa miongoni mwa sala.

Mwili usiusahau. Elia naye aliomba afe (1 Wafalme 19:4). Alichopewa kwanza hakikuwa mahubiri. Alilala, akaamshwa akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Swali la "unafanya nini hapa?" lilikuja baadaye, kwenye mlima Horebu. Kwa hiyo ikiwa wiki mbili zimepita hulali wala huli, nenda hospitali. Ukijikuta unataka kufa, nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako. Kupelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, si aibu, wala si ushahidi wa imani iliyopotea.

SWALI: Kiswahili cha Biblia ya Union Version kinanipiga chenga. Nisome ipi?
Kijana, Chake Chake

JIBU: Union, iliyotoka 1952, iliunganisha tafsiri za Kiunguja na Kimvita, ndiyo maana huku kwetu inasikika nusu nyumbani, nusu ugenini. Pata maana kwa Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi, halafu hifadhi kwa Union, kwani imekaa fupi na kukazwa: "Ukizimia siku ya taabu, nguvu zako ni chache" (Mithali 24:10), maneno manane. Mithali ina milango 31, basi fuata tarehe: tarehe 1 mlango wa 1, na mwezi wenye siku 30 uunganishe miwili ya mwisho. Ukiruka siku, usirudi nyuma kulipa deni. Fungua mlango wa tarehe ya leo.