Carina kuukuu kwenye mbio za koni: anza chini ya gari, usianze kwenye boneti

Vijana wengi wanaonijia na Corolla au Carina ya nyumbani, wakitaka kuiingiza kwenye autokrosi, yaani hizi mbio za koni, huanza na swali moja: nifunge bomba gani la moshi, na injini niifanyeje iongeze nguvu? Jawabu langu ni kwamba alale kwanza chini ya gari na tochi mkononi. Gari lililokaa visiwani miaka ishirini limekula chumvi tangu siku liliposhuka bandarini, na kinachoamua kama litashika kona au litakuvunja kipo huko chini.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: magari huingia moja moja, kila moja likishindana na saa, kwenye njia ya kupindapinda iliyopangwa kwa koni katika uwanja mpana. Kenya na Uingereza huucheza zaidi juu ya udongo na majani. Marekani ni lami au saruji, na kwa kanuni za SCCA, chama chao cha michezo ya magari, koni moja ukiiangusha unaongezewa sekunde 2. Sisi huku Unguja tumefuata mtindo wa saruji. Tunaomba uwanja kwa mwenyewe, tunampa habari sheha na polisi, tunaanza baada ya Alfajiri kabla jua halijakaza. Anayetaka kujaribu gari usiku kwenye barabara ya watu, kwangu asije.

Kwa njia fupi kama hizo, muda mwingi uko kwenye gia ya pili. Carina Ti yenye namba ya chasisi AT212 ina injini ya 5A-FE, ukubwa wa cc 1,498, na nguvu za farasi kama 100, huku uzito wake ni tani moja na kidogo. Inatosha. Hata ile ya otomatiki, ambayo ndiyo tulizonazo wengi, usihangaike kuibadilisha gia boksi: zima O/D (ovadraivu, ile gia ya juu kabisa), weka kwenye 2, iache hapo mpaka umalize.

Turudi kwenye kutu. Chukua bisibisi na nyundo ndogo. Gonga kingo za chini ya milango, sehemu mikono ya magurudumu inapofungwa kwenye bodi, na pale shokapu inapokazwa kwa nati ndani ya boneti. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti nzito na bisibisi inazama. Halafu fungua buti, toa tairi la akiba utazame sakafu yake. Gari la familia hapa limeshabeba samaki kutoka mnadani mara nyingi, na yale maji yake hutuama chini ya tairi la akiba, yakatafuna bati taratibu bila mtu kuona. Ukikuta tundu, likatwe mpaka kwenye chuma kizima, bati jipya lichomelewe. Usikubali fundi alifunike kwa puti na rangi. Kwenye kona kali shokapu inasukuma kwa nguvu kubwa, na puti haibebi kitu.

Bodi ikiwa nzima, inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, shaka iko kwenye boljointi, kile kiungo cha duara cha mkono wa gurudumu, au beringi. Lishike kushoto na kulia. Likicheza hapo, tazama tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu. Bushi za mikono ya mbele, yaani mipira ya maungio yake, zitie mtaimbo uzione zinavyofunguka: nyingi zimepasuka, ila barabarani mtu amezoea tu. Spea ukinunua Mwanakwerekwe au ukiagiza Kariakoo, weka fedha yako hapa kabla ya kitu chochote king'aacho. Shokapu nunua jozi, moja mpya na moja ya zamani kwenye ekseli moja hazipatani.

Tairi ndilo jambo ninalolipigia kelele kuliko yote. Soma zile namba nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtumba wenye kashata nzuri (ile miinuko ya mpira inayokanyaga chini) lakini mpira umekauka unateleza kwenye saruji kuliko tairi jipya la bei ya kawaida. Kibandiko cha mlangoni kwenye magari mengi ya Japani ya saizi hii huonyesha kilopaskali 220 hivi, yaani upepo wa pauni 32 (psi). Kwenye koni mimi huanza na 38 mbele, na sivuki kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi lenyewe. Kisha nachukua chaki, napaka mistari kwenye bega la tairi, kuanzia kashata za juu mpaka ubavuni. Unazunguka mara moja, unashuka unatazama. Chaki ikifutika mpaka ubavuni, tairi linalala, ongeza upepo. Isipofutika hata begani, upepo umezidi. Gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele lina tabia ya kukataa kukata, pua inakwenda nje wakati wewe umeshapinda usukani. Hapo ongeza upepo kidogo nyuma, pauni mbili au tatu, mkia ulegee na gari ligeuke. Ongeza kidogo kidogo, maana mkia ukilegea mno utajikuta unatazama ulikotoka.

Kunyoosha magurudumu kunawezekana nyumbani, kwa mshipi wa kuvulia. Ufunge kwenye stendi mbili kila upande wa gari, usawa wa katikati ya gurudumu, ukaze mpaka ulie. Umbali kati ya magurudumu mawili ya mbele na ule wa mawili ya nyuma si lazima ulingane, kwa hiyo usiupime mshipi kwa macho: umbali wake kutoka katikati ya gurudumu uwe sawa kushoto na kulia, mbele, na vivyo hivyo nyuma. Kisha pima kutoka kwenye mshipi mpaka ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Mimi napenda magurudumu ya mbele yawe sawasawa kabisa, au upande wao wa mbele ufunguke nje kidogo sana. Gari linaitika haraka ukigusa usukani.

Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya kwetu inao wa kutosha. DOT 4, daraja moja la mafuta hayo, ikiwa mpya hustahimili angalau nyuzi joto 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishanywa maji kiwango chake hushuka mpaka 155. Yamwage yote, tia mapya, toa hewa gurudumu moja baada ya jingine. Rediata tia kulanti, si maji ya kisima: maji ya ardhi yetu ya matumbawe yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi pia. Oili ifike alama ya juu ya kijiti, kwa sababu kwenye kona inakimbilia upande mmoja.

Ndani toa kila kisichofungwa: chupa ya maji, mkeka wa miguuni upande wa dereva, jeki, kiti cha mtoto. Chupa ikibingirika chini ya pedali ya breki, hakuna fundi atakayekusaidia. Betri itikise kwa mkono, isicheze. Helmeti iwe ya kufunika uso, yenye alama ya E ndani ya duara, si ile ganda ya bodaboda.

Ukimaliza, kabla hujawapakia watoto, punguza upepo urudi kwenye 32, ukague hosi za breki, na nati za magurudumu uzikaze upya kwa spana ya kipimo: kwa Toyota hizi ni Nm 103.