Wasomaji Wanauliza: Yoga, Mgongo, Presha na Vidonge vya Daktari

Kila mwaka baada ya tarehe 21 Juni, ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha mnamo Desemba 2014 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, sanduku la safu hii hujaa barua za wasomaji waliowaona watu wakijinyoosha kwenye mikeka na wanaotaka kujua kama mazoezi hayo yanatibu kweli. Safari hii nimechagua barua tano. Ninajibu kama mtaalamu wa tiba ya viungo ambaye huyatumia baadhi ya mazoezi hayo kwa wagonjwa wake, na ambaye pia amewapokea watu walioumia kwa kuahidiwa zaidi ya kinachowezekana.

Swali: Mtaalamu, hujambo? Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 47. Mgongo wa chini unaniuma mwaka wa tatu sasa, na nimemeza dawa za maumivu mpaka tumbo limeanza kuwaka moto. Binti yangu ananihimiza nijaribu yoga, lakini nikiwaona wanavyojikunja nahisi mgongo wangu utakatika. Je, inamfaa mtu kama mimi? – Mama M., Tanga

Jibu: Sijambo, mama, na pole sana. Kabla ya habari ya yoga naomba ujichunguze kwanza, kwa sababu si kila mgongo unaouma ni wa kunyooshwa. Ikiwa unapata homa za jioni, unatokwa na jasho usiku na mwili unapungua bila sababu, au ikiwa maumivu yalianza baada ya kuanguka, nenda hospitali ukapimwe kabla hujatandika mkeka. Ikiwa miguu inaishiwa nguvu, umepata ganzi katikati ya mapaja, au umeanza kushindwa kuzuia mkojo au choo, nenda leo leo. Kwetu huku kifua kikuu hakiishii mapafuni. Huweza kufika kwenye pingili za mgongo na kuzila polepole, na nimewapokea wagonjwa waliokandwa na kunyooshwa mitaani kwa miezi huku pingili zikiendelea kubonyea.

Ikiwa hayo yote huna, basi huenda mgongo wako ni ule tunaoupokea zaidi kuliko mwingine wowote, unaouma bila mfupa kuvunjika wala ugonjwa kujificha nyuma yake, na hapa ndipo yoga ina ushahidi mzuri kuliko penginepo. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mgongo wa chini uliouma zaidi ya wiki 12 uanze kutibiwa kwa njia zisizo za dawa, na yoga ni mojawapo ya njia zilizotajwa. Mwaka huohuo watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya watu 320, wengi wao wenye kipato kidogo, waliogawanywa katika makundi: wengine walifuata darasa la yoga mara moja kwa wiki kwa wiki 12, wengine walihudhuria tiba ya viungo, na wengine walipewa kitabu cha maelekezo. Waliofanya yoga walipata nafuu isiyopungua ile ya waliokuja kwa watu kama mimi, na katika makundi yote mawili matumizi ya dawa za maumivu yalishuka. Nafuu yenyewe ilikuwa ya kiasi, na katika tafiti za namna hii wapo wachache ambao maumivu yao huongezeka, ndiyo maana nasisitiza kuanza kidogo.

Kwa nini isaidie? Jitazame ukiwa kazini. Sindano iko mbele, macho yako kwenye sindano, kwa hiyo shingo imetangulia, mabega yameifuata, na nyonga zimekunjwa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Misuli ya mbele ya nyonga inazoea kuwa mifupi, ya makalio na tumbo inalala, na mzigo wote unabaki kwenye mgongo wa chini. Kisha maumivu yanaleta hofu, na anayeogopa kuinama hukakamaza mgongo wake kutwa nzima, akaamka kesho ukiwa mgumu zaidi. Mazoezi ya taratibu yanayokwenda sambamba na pumzi hulegeza ukakamavu huo na kuufundisha mwili kwamba kusogea si hatari.

Hayo makunjo uliyoyaona uyaache kabisa. B.K.S. Iyengar, mwalimu mashuhuri wa yoga wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95, na ambaye utotoni aliandamwa na maradhi kikiwemo kifua kikuu, alisifika kwa kuwawekea wanafunzi wake mito, mablanketi, mikanda na viti ili mkao umfuate mtu badala ya mtu kuulazimisha mwili ufuate mkao. Wewe tumia khanga na mto. Piga magoti na viganja chini kama anayepiga deki kwa mikono. Ukitoa pumzi, pandisha mgongo kama paka anayeamka usingizini, ukivuta pumzi uushushe polepole, mara kumi. Kisha lala chali, magoti yamekunjwa na nyayo zimekanyaga sakafu, unyanyue kiuno mpaka kiwiliwili na mapaja vifanye mstari mmoja, uhesabu pumzi tano, ushuke. Malizia kwa kulaza miguu juu ya kiti cha cherehani kwa dakika tano, mto ukiwa chini ya kichwa. Mvuto wa misuli ni wa kawaida, lakini maumivu makali ya kuchoma yanayoshuka mguuni ni amri ya kuacha. Fanya hivyo siku tano kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, na ukiwa kazini simama kila nusu saa, hata kama ni kwa ajili ya kukata uzi tu.

Kuhusu tumbo linalowaka, usilivumilie. Dawa nyingi za maumivu huchubua utando wa tumbo, kwa hiyo mweleze daktari umezitumia kwa muda gani, na ukiona choo cheusi kama lami usisubiri kesho.

Swali: Ndugu mtaalamu, nina miaka 55 na natumia vidonge viwili vya presha. Jirani yangu anayefundisha yoga ameniambia kwamba nikijifunza kupumua vizuri naweza kuviacha baada ya mwezi mmoja. Mwezi uliopita nilipimwa nikakutwa na 128 kwa 80, kwa hiyo nami naona kama nimeshapona. Unashaurije? – Baba wa watoto wanne, Dodoma

Jibu: Ndugu yangu, usiviache. Hiyo 128 kwa 80 umeipata ukiwa na vidonge mwilini, na vidonge hivyo ndivyo vinavyoishikilia. Ukivitoa, presha hurudi ilikokuwa kwa siku au wiki chache, mara nyingi kimyakimya bila hata kichwa kuuma, na wapo ambao dalili yao ya kwanza ni mkono mmoja kuanguka na mdomo kwenda upande. Kuna dawa, kama zile za kundi la atenololi, ambazo ukizikatisha ghafla moyo hudunda ovyo na unaweza kupata shambulio.

Pamoja na hayo, jirani yako hakukosea kwamba pumzi inagusa presha. Amekosea kipimo cha msaada wake. Katika kuta za mishipa ya shingoni na za mshipa mkuu unaotoka moyoni mna vihisio vinavyopima msukumo wa damu na kuupelekea ubongo taarifa. Mtu akipumua polepole, takriban pumzi sita kwa dakika badala ya kumi na tano za kawaida, vihisio hivyo huwa vyepesi zaidi kujibu, neva zinazotuliza moyo hupata nguvu, na zile zinazobana mishipa hulegea. Tafiti za watu wenye presha zinaonyesha kwamba yoga hushusha namba ya juu kwa wastani wa milimita tano hivi za zebaki. Usizidharau tano hizo, kwani ni karibu na faida ya kupunguza chumvi, lakini mtu mwenye 170 hazimfikishi anakotakiwa kufika.

Lipo pia jaribio kubwa lililofanywa India kwa wagonjwa 3,959 waliotoka kupata shambulio la moyo, katika vituo 24 vya tiba, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2020. Waliofuata mpango wa yoga wa wiki 12 pamoja na matibabu yao walijisikia wana afya bora na walirejea kwenye shughuli zao vizuri zaidi kuliko wenzao, lakini tofauti ya vifo na mashambulio mapya haikutosha kuthibitisha kwamba yoga iliyazuia. Zingatia kwamba watu hao waliendelea na dawa zao.

Kwa hiyo fanya hivi. Keti kitini ukiwa umeegemea, viganja juu ya mapaja. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, tumbo likiinuka kabla ya kifua, uitoe ukihesabu sita. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Usizuie pumzi ndani, usifanye ile namna ya kupumua kwa kasi na kusukuma tumbo, na usikae kichwa kikiwa chini ya moyo. Andika vipimo vyako kwenye daftari kila wiki, kisha mpelekee daktari daftari hilo. Ikiwa namba zimeshuka kweli na zikadumu hivyo, yeye ndiye wa kupunguza kidonge, na huwa tunafurahi sana siku hiyo ikifika.

Swali: Assalaam alaykum. Daktari wa kliniki amenishauri yoga kwa ajili ya kukosa usingizi na wasiwasi, lakini nyumbani wanasema ni ibada ya dini nyingine. Nifanyeje? – Bi S., Unguja

Jibu: Wa alaykum salaam. Wa nyumbani kwako hawajabuni neno, kwa sababu yoga ilizaliwa ndani ya falsafa na dini za India, na mikao tunayoiona leo ni sehemu moja tu ya njia ndefu ya kuitafuta roho. Hata hivyo, katika India yenyewe wapo walioitenga sehemu ya mwili na kuipima: mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alifungua taasisi yake huko Lonavla, ambako mazoezi ya pumzi na mikao yalichunguzwa kwa eksirei na vipimo vya maabara. Wanavyuoni wamelizungumza suala lako pia. Baraza la fatwa la Malaysia liliikataza yoga mwaka 2008 pale inapochanganya mazoezi, maneno ya ibada na kuabudu, na mwaka uliofuata Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza yoga yenye mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, na taratibu za ibada lakini likaruhusu yale yaliyo mazoezi ya viungo na pumzi peke yake. Sheikh wako ndiye wa kukupa hukumu. Mimi nakueleza kinachotibu.

Kinachotibu, kwa shida yako, ni pumzi ndefu na misuli kulegea. Mwaka 2001 watafiti wa Italia waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakitamka mantra, wakakuta kwamba yote mawili yaliwashusha hadi karibu pumzi sita kwa dakika na kuufanya moyo upige kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo huna haja ya kutamka neno lolote lisilo lako. Baada ya Isha, zima simu, lala chali, kaza nyayo kwa pumzi moja kisha uziachie, panda hivyohivyo kwenye mapaja, tumbo, mabega mpaka taya, ukivuta pumzi polepole. Ikiwa wasiwasi unakufikisha mahali pa kutoona thamani ya kuishi, rudi kliniki upesi na useme hivyo waziwazi.

Swali: Nina pumu na niko chuoni. Je, yoga itaniondolea haja ya inhela? – Mwanafunzi, Nairobi

Jibu: Hapana, mwanangu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2016 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona kwamba yoga huenda ikaboresha kidogo maisha na dalili za wenye pumu, bila kuthibitisha kwamba mapafu yenyewe yanabadilika. Katika pumu njia za hewa huvimba ndani, na uvimbe huo unapunguzwa na inhela ya kila siku, si na mkao wowote. Fanya mazoezi ukipenda, na inhela iwe pembeni ya mkeka, si bwenini.

Swali: Nina miaka 68, nina presha ya macho, na mjukuu wangu anataka tufanye yoga pamoja. Wanasimama kwa kichwa! Naweza? – Bibi wa Moshi

Jibu: Shikamoo, bibi. Kusimama kwa kichwa umwachie mjukuu. Mkao huo hupandisha shinikizo la ndani ya jicho hadi takriban maradufu, na neva ya jicho lenye glakoma, yaani hiyo presha ya macho, ikishakufa hairudi. Epuka pia kuinama kwa muda mrefu huku kichwa kikining'inia. Na kwa kuwa katika umri wako mifupa ya wanawake wengi imekwisha kuwa myepesi, usijikunje mbele kwa nguvu wala usimruhusu mtu akusukume mgongo, kwani pingili dhaifu hubonyea.

Lakini mkeka usiukimbie. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara angalau siku tatu kwa wiki, na yoga ina zoezi zuri la kukusaidia usianguke, linaloitwa mkao wa mti. Simama kando ya meza nzito ya jikoni, miguu mitupu, mikono yote miwili imeishika meza. Hamishia uzito mguu wa kushoto, kisha inua kisigino cha kulia, kidole gumba kikibaki sakafuni. Tazama kitu kimoja kisichosogea, labda sufuria ukutani, uhesabu pumzi tano, ubadili mguu. Baada ya wiki mbili au tatu jaribu kuishika meza kwa mkono mmoja, na mjukuu asimame upande ule mwingine.