Wasomaji Wanauliza: Chupa ya Maji Yenye Filta, Niiuze kwa Urembo au kwa Filta?

Safari hii barua nyingi zimekuja za kitu kimoja, zile chupa za maji za kujaza tena zenye filta ndani, za kisasa, rangi rangi. Inaonekana wengi wenu mmeingia kwenye biashara hii. Nimechukua barua nne, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ndiyo inabeba hizo nyingine.

Swali: Shikamoo dada. Nimeagiza chupa zenye filta, ni nzuri kwa kweli, mtu akiishika tu anaipenda. Shida iko kwenye matangazo. Nikisifia urembo watu wanasema hiyo si chupa tu, mbona bei kubwa, nikisifia filta wanaanza kuniuliza maswali ya kitaalamu nakwama. Saplaya ameandika "inaondoa uchafu kwa asilimia 99.9" basi na mimi nimekuwa nanakili hivyohivyo. Nishike lipi? – Muuza Chupa

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Shika yote mawili ila kila moja lina kazi yake. Urembo ndio unamfanya mtu asimame aangalie, filta ndiyo inamfanya akubali kutoa hela zaidi ya ile angetoa kwa chupa ya kawaida. Sasa wewe unakwama kwa sababu filta yenyewe hujaijua, na hilo ndilo la kushughulikia kwanza kabla hata ya kupiga picha nyingine.

Muulize saplaya, filta hii ni ya aina gani? Nyingi za chupa hizi za urembo ni za mkaa uliochakatwa. Mkaa huo unanasa klorini, ndiyo maana maji yaliyokuwa yananuka dawa yanatoka na ladha nzuri, na unapunguza baadhi ya kemikali nyingine. Vijidudu hauwezi kuaminiwa kuvizuia. Aina nyingine ni ya vijimrija vyembamba sana vyenye matundu ya kama mikroni 0.2 hivi au chini ya hapo (mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu), hiyo inazuia bakteria na vimelea kwa sababu ni vikubwa kuliko tundu, lakini virusi vingi ni vidogo zaidi vinapenya. Kuna chupa zina zote mbili. Kwa hiyo ukiandika "inaondoa uchafu asilimia 99.9" mimi msomaji nakuuliza, uchafu gani? Klorini? Bakteria? Madini ya risasi? Asilimia bila jina la kitu kinachoondolewa haina maana yoyote, na mteja mwenye akili anaona hapohapo kwamba hujui unachouza.

Omba ripoti ya maabara. Usikubali picha ya nembo, omba ripoti yenyewe na usome imepimwa nini. Kuna viwango vya NSF/ANSI, yaani viwango vya Marekani vya kupimia filta za maji, ambavyo utakutana navyo sana kwenye biashara hii: namba 42 inahusu ladha, harufu na klorini, namba 53 inahusu vitu vinavyogusa afya kama madini ya risasi, na hata ndani ya hiyo 53 bidhaa inapitishwa kwa kitu kilichotajwa, sio kwa kila kitu. Sasa saplaya mjanja anakwambia "ina NSF" anaishia hapo, kumbe ni 42 tu na wewe unakwenda kuwatangazia watu kwamba inatoa risasi kwenye maji. Akishindwa kukupa ripoti, basi tangaza chupa nzuri yenye filta ya kuboresha ladha, na usivuke hapo.

Ukishajua, tangazo linajiandika lenyewe. Kwa filta ya mkaa mimi ningeandika hivi: "Maji yako ya bomba ni salama ila yananuka dawa? Filta hii inapunguza klorini, ladha inabadilika kuanzia funda la kwanza. Haizuii vijidudu, kwa hiyo usichote nayo maji ya mtoni au kisimani." Najua hapo kwenye "haizuii" utashtuka, utasema dada unanifukuzia wateja. Hapana. Hiyo sentensi ndiyo itakayomfanya mtu aamini ile iliyotangulia, tena kuna mtu huko ataibeba safarini akachota maji ya mto kwa sababu tangazo lako lilimwambia inasafisha kila kitu, akaugua. Mimi siwezi kukushauri uuze kwa namna hiyo.

Tuje kwenye urembo sasa, maana nao hauuzwi kwa kusema "ni nzuri". Angalia ile Quencher ya Stanley. Haina filta ile, ni kikombe kikubwa cha kutunza baridi, lakini somo lake linafaa. Kampuni imeanza 1913, kwa miaka mingi ilikuwa ikiwaangalia zaidi wanaume wa kazi na wa kambi za porini. Quencher ikatoka 2016 ikawa haiendi, kampuni ikaanza kuiacha. Kulikuwa na wanawake wenye ukurasa wa kushauri manunuzi unaoitwa The Buy Guide, wao walikuwa wanaipenda, wakanunua 5,000 kwa bei ya jumla wakawauzia wafuasi wao na zikaisha ndani ya siku chache. Ndipo kampuni ikageuka kuwaangalia wanawake, rangi zikaongezwa, na mauzo ya kampuni nzima yakatoka kama dola milioni 70 mwaka 2019 hadi karibu milioni 750 mwaka 2023. Kikombe ni kilekile. Kilichobadilika ni nani anaambiwa, na anaambiwa na nani.

Kwa hiyo chagua mtu mmoja unayemuuzia. Mwanafunzi? Mfanyakazi wa ofisini? Mama anayetoka na watoto? Halafu piga picha ya kile anachokiwaza yeye: inakaa kwenye mfuko wa pembeni wa begi au inadondoka, inafunguka kwa mkono mmoja, ikilala ndani ya begi na laptopu inavuja au haivuji, mdomo wake ni mpana kiasi cha brashi kuingia. Hiyo video ya kuilaza chupa imejaa maji juu ya tishu kavu, kisha unainyanyua tishu iko kavu vilevile, inauza kuliko picha kumi za studio.

Tena filta usiifiche. Mwaka 2010 ilitoka chupa inaitwa Bobble, imechorwa na mbunifu Karim Rashid, filta yake ya mkaa imekaa pale shingoni inaonekana kabisa na ina rangi yake, kiasi kwamba ile filta ndiyo ikawa pambo la chupa. Mtu akiiona mezani kwa mwenzake anauliza "hicho ndani ni nini?" Kama yako filta iko ndani kabisa haionekani, basi itoe, iweke kwenye kiganja, ipige picha kwa karibu.

Swali: Kaka yangu ananisaidia kurekodi video za bidhaa. Anataka tuweke maji ya rangi kwenye chupa, yapite kwenye filta yatoke meupe, watu wapagawe. Pia kuna mteja mmoja amenunua kile kipimo cha kalamu cha kupima maji, anasema namba ilikuwa ileile kabla na baada ya kuchuja, kwa hiyo nimemuuzia feki. Nimjibu nini? – Mama wa Wawili

Jibu: Mama, nianze na huyo mteja maana bado ana hasira. Kile kipimo kinasoma chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, na mkaa hauyatoi hayo, haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Klorini na harufu hakivipimi. Kwa hiyo namba kubaki palepale ndivyo inavyotakiwa iwe kwa filta ya mkaa, haimaanishi ni feki. Mweleze hivyo kwa upole, umwambie anunue vile vikaratasi vya kupima klorini, vya kwenye mabwawa ya kuogelea, achovye kimoja kwenye maji ya bomba na kingine kwenye yaliyochujwa alinganishe rangi. Au mtumie wewe viwili vitatu bure. Na kama bado haridhiki mrudishie hela yake, usibishane naye kwenye komenti mbele ya watu.

Na hapohapo umeshapata video yako. Ile ya maji ya rangi mwambie kaka aiache. Najua inavutia, na mkaa kweli unanasa rangi nyingi, kwa hiyo sio kwamba mnadanganya kwa mkono. Lakini anayeangalia anaondoka akiamini kwamba maji machafu yakipita hapo yanakuwa salama, na hilo hamjalithibitisha, maana maji yanaweza kuwa meupe pe na bado yana vijidudu. Vikaratasi viwili vya klorini pembeni kwa pembeni vinaonyesha hasa kile chupa inachofanya. Mkiirekodi, pigeni kwa mwanga wa dirishani, karibu, msikate katikati, watu wakiona video imekatwa wanahisi mmebadilisha maji.

Swali: Habari za kazi. Kwenye boksi nataka niandike "rafiki wa mazingira" na "haina BPA". Wenzangu wote wanaandika. Kuna tatizo? – Kijana wa Lebo

Jibu: BPA ni kemikali ya kwenye baadhi ya plastiki ambayo watu wanaihofia kiafya. "Haina BPA" andika kama una karatasi ya kiwanda inayosema hivyo kwa kila sehemu inayogusa maji, yaani chupa, mfuniko, mrija na nyumba ya filta. SIGG, kampuni ya chupa ya Uswisi, watu waliikimbilia wakati hofu ya BPA imepamba moto, halafu 2009 kampuni ikakiri kwamba utando wa ndani wa chupa zake za zamani ulikuwa na BPA kidogo. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini wateja waliona wamefichwa, na hasira ilikuwa ya hilo.

"Rafiki wa mazingira" iache. Ni maneno mapana mno, hakuna anayeweza kuyapima. Mwongozo wa biashara wa Marekani unaonya dhidi ya madai ya jumla ya namna hiyo tangu 1992, na Umoja wa Ulaya umepitisha sheria 2024 inayoyapiga marufuku yasipokuwa na ushahidi, tarehe yake ya kuanza kutumika ni Septemba 2026, kwa hiyo ukija kuuza huko boksi lako linakuwa tatizo. Andika hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya mwenyewe. Filta ya lita 150 ni sawa na chupa 300 za nusu lita, kwa mtu ambaye angezinunua. Na filta yenyewe ikiisha inatupwa, sema inatupwaje, ndani yake kuna mkaa na plastiki. Hiyo tu.

Swali: Dada shikamoo, mimi nimeuza chupa kama zote, lakini wa kurudi kununua filta hakuna. Wengine wanalalamika maji yametoka na unga mweusi, wengine wanasema inanuka, mmoja kaniambia kunywa mpaka avute kwa nguvu kachoka kaitoa filta anatumia chupa tu. Faida nilitegemea kwenye filta. – Nimebaki na Filta

Jibu: Marahaba mwaya. Hayo yote matatu ni maelezo ambayo hukuyatoa siku unauza, na yanatengenezeka.

Unga mweusi ni vumbi la mkaa, haudhuru, filta mpya inatakiwa kusuuzwa kwa maji yanayotiririka kabla ya kutumika, wengine wanasema iloweke kwanza, fuata maelekezo ya kiwanda. Mtu ambaye hakuambiwa akiona weusi kwenye funda la kwanza anadhani umemuuzia uchafu. Kuvuta kwa nguvu pia ni kawaida ya filta, maji lazima yapite taratibu, ila kama ni kwa nguvu kweli cheki kama mrija umekaa vizuri na kama tundu la hewa la mfuniko halijaziba, na ukiagiza mzigo mwingine kunywa nayo wewe siku nzima kabla hujalipia.

Harufu ndiyo nzito. Klorini ndiyo inayozuia vijidudu visizaliane kwenye maji ya bomba, mkaa ukiitoa, yale maji yaliyobaki ndani ya chupa na kwenye filta hayana ulinzi. Yakikaa siku mbili kwenye begi la joto na filta imepitiliza muda wake, lazima inuke. Kwa hiyo mteja aambiwe amwage maji yaliyolala, aoshe chupa kila siku, mpira wa mfuniko autoe ausugue, filta aibadilishe kwa muda uliowekwa hata kama hajamaliza zile lita. Nyingi za chupa wanasema lita 150 au miezi miwili, anayekunywa lita moja kwa siku miezi miwili itafika kabla hajamaliza hizo lita 150, lakini wengi wanaishia kuhesabu lita.

Kuhusu kurudi, mteja hakumbuki tarehe, wewe ndiye wa kumkumbushia. Kila oda andika tarehe, wiki moja kabla ya miezi miwili mtumie meseji fupi kwa jina lake, "filta yako inaisha wiki ijayo, nikuwekee?" na picha ya rangi aliyonunua. Chupa uza na filta mbili ndani ya boksi, bei iwe imeshazibeba, kwa sababu aliyebadilisha mara ya kwanza anaona tofauti ya ladha na anajua kubadilisha ni rahisi, huyo atarudi, ambaye hajawahi hata mara moja ameshaizoea bila filta. Kwenye tangazo la chupa weka bei ya filta palepale wazi, mtu ajue anaingia gharama gani kwa mwaka. Hao wa zamani uliowauzia bila maelezo watumie meseji leo, omba radhi kwa kutowaambia, waelekeze kuosha, na kila mmoja mpe filta moja bure kutoka kwenye hizo ulizobaki nazo. Na huyo aliyeitoa filta akawa anatumia chupa tu, muanze yeye.