Kimondo tunacho Mbozi. Kwa nini kufuata vumbi Bennu?

SWALI: Pale Mbozi tuna kimondo kikubwa kilichoanguka chenyewe bila kumgharimu mtu senti. Kwa nini Marekani ilihangaika miaka saba kupeleka chombo kwenye Bennu, asteroidi (gimba dogo la mawe linalozunguka jua), na kurudisha kapsuli yake, ili ipate gramu 121.6 tu za vumbi na kokoto?

JIBU: Ndugu msomaji, kimondo cha Mbozi kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, na karibu chote ni chuma, ugumu huo ndio uliokivusha katika angahewa. Angahewa huchagua: hupitisha kilicho kigumu, na kilicho laini hukiteketeza au hukivunjavunja. Bennu ni laini kweli. Chombo cha OSIRIS-REx kilipoigusa tarehe 20 Oktoba 2020, mkono wake ulididimia karibu nusu mita kabla ya kujiondoa.

Hata kipande laini kikibahatika kufika chini, unyevu hukiwahi. Mwaka 1864 kimondo cha aina hiyo kilianguka Orgueil, Ufaransa, na mishipa myeupe ya chumvi iliyoonekana ndani yake ilichukuliwa kwa muda mrefu kuwa alama ya maji yaliyopita katika asteroidi mama, yaani ile ambayo kimondo kilimeguka kwayo. Baadaye ilibainika kuwa mishipa hiyo ilijijenga hapa hapa duniani, kwa unyevu wa hewa, kimondo kikiwa kimetulia kabatini.

Kwa sababu hiyo sampuli za Bennu, zilizotua katika jangwa la Utah tarehe 24 Septemba 2023, huhifadhiwa Houston ndani ya masanduku yenye naitrojeni safi. Vifungio 2 kati ya 35 vya kichwa cha kukusanyia vilipokwama, mafundi hawakukitoa nje wakakipiga nyundo. Walitengeneza zana mpya za kufanyia kazi humo humo sandukuni, na kifuniko kikafunguka Januari 2024.

Subira hiyo ilizaa, amini usiamini, magadi: yale yale tunayotia kwenye maharage, yakiwa pamoja na chumvi nyingine zilizoganda moja baada ya nyingine maji yalipokuwa yakikauka ndani ya gimba ambalo Bennu ilimeguka kwalo. Chumvi za namna hiyo huyeyuka upesi zikipata unyevu, kwa hiyo katika kimondo kilicholala mvuani tusingeziona. Katika vumbi la Bennu zimepatikana pia asidi amino 14 kati ya 20 zinazojenga protini za viumbe. Molekuli hizo huwa na maumbo mawili, kama mkono wa kushoto na wa kulia. Viumbe hutumia la kushoto, lakini katika sampuli za Bennu yote mawili yamekaribiana kwa wingi, jambo linaloonyesha kwamba hazikutokana na uchafu wa duniani.

Kimondo cha Mbozi nacho kina habari yake, kwani vimondo vya chuma kwa kawaida hutoka katika viini vya magimba yaliyowahi kuyeyuka. Joto la kuyeyusha chuma, hata hivyo, halibakizi magadi.