Maswali ya Saratani: Mchango Ufike Alipo Mgonjwa

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa vikundi vya mwani, vya upatu na vya madrasa. Watu wana moyo na wana pesa kidogo, wanauliza waziweke wapi. Tumechagua nane, na zilizofanana tumeziunganisha.

Sisi ni wakulima wa mwani, Jambiani. Oktoba tunataka kuchapisha fulana 40 tufanye matembezi ya saratani. Mwenzetu mmoja anasema pesa hizo bora tualike wauguzi wapime kina mama mlango wa kizazi. Lipi jema?

La mwenzenu. Lakini kabla ya kumwita muuguzi hata mmoja, jibuni swali hili: mwanamke akikutwa na dalili, anatibiwa wapi, lini, na nani anamfikisha? Kama hamna jibu, ahirisheni. Kumwambia mtu ana tatizo kisha akarudi nyumbani nalo ni kumwongezea maradhi ya pili, ya khofu.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi siki ya asilimia 3 hadi 5, husubiri dakika 1 kamili, kisha huangalia kwa taa kali. Sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Bado si saratani hiyo, na nyingi hutibika siku hiyo hiyo kwa kugandishwa kwa gesi (dakika 3 baridi, 5 kupumzika, 3 baridi tena) au kwa kuunguzwa na kifaa cha joto la nyuzi 100 kwa chini ya dakika moja. Hakuna kulazwa. Atatokwa na maji maji kwa wiki kadhaa na asikutane na mumewe kwa wiki 4. Hili la mwisho aelezwe na mume pia, maana wengi huharibikia hapo.

Sasa yanayoharibika. La kwanza ni siki. Ikitengenezwa kwa asidi ya siki nzito isiyochanganywa na kitu, ni mililita 5 za asidi hiyo kwa 95 za maji yaliyosafishwa. Ikizidi inaunguza, ikipungua weupe hautokei na mwanamke anaambiwa yuko salama naye hayuko. Itengenezwe asubuhi, inayobaki jioni imwagwe. La pili ni spekulamu, kifaa cha kufungulia njia ili mlango wa kizazi uonekane. Kila mwanamke anahitaji yake iliyosafishwa, na kuzichemsha huchukua dakika 20 baada ya kulowekwa na kuoshwa. Kambi yenye spekulamu 10 na wanawake 50 hukwama saa 5 asubuhi, wanawake wakaondoka. Pesa ya fulana inunue hizo. La tatu ni mtungi wa gesi kukatika katikati ya kazi. Muulizeni mtoa huduma ana akiba kiasi gani. Hesabuni pia dakika 15 kwa mtu: muuguzi mmoja kwa saa 6 ni wanawake 24, wala msimsukume zaidi.

Na siku. Msiweke bamvu, maana nyote mtakuwa pwani mnafunga na kuvuna mwani. Wekeni maji mafu, halafu mrudie maji mafu yanayofuata, wiki mbili baadaye. Aliyekuwa hedhini mara ya kwanza atapimwa mara ya pili. Waitwe khasa wenye miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi waanze mapema na wapimwe kila mwaka. Waliokwisha koma hedhi kwa muda mrefu, kipimo cha siki huwadanganya kwa sababu sehemu inayotazamwa hurudi ndani; kwao kuna kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani hii.

Daftari la majina libaki kwa muuguzi. Lisikae kwa katibu wa kikundi, wala kwa sheha.

Skuli wanataka kumchanja mwanangu wa miaka 12 sindano ya saratani ya kizazi. Majirani wanasema itamfunga uzazi. (Mama, Bububu)

Haifungi uzazi, mama. Ndani yake hamna kirusi kizima, mna ganda lake tu, na ganda haliwezi kuambukiza. Tanzania iliianza kwa wasichana mwaka 2018, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Hutolewa mapema hivyo kwa sababu inakinga kabla mtu hajakutana na kirusi. Ikishaingia maambukizo, chanjo haiyatoi. Aina mbili za HPV, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta kiasi cha saratani 7 kati ya 10 za mlango wa kizazi.

Mkono utauma siku moja au mbili. Wapo watoto wanaozirai kwa woga wa sindano, kwa hiyo mpe chai asubuhi na akae kitako dakika 15 baada ya kuchomwa. Linalofunga uzazi kweli ni saratani yenyewe, kwa sababu matibabu yake hutoa kizazi au huua mayai kwa mionzi. Akiwa mtu mzima bado apimwe, maana chanjo haigusi kila aina.

Ndugu yangu ana miaka 48, anakojoa damu. Amemeza dawa za kichocho mara mbili, damu inarudi. Aendelee? (Micheweni, Pemba)

Asiendelee kumeza kwa kukisia. Kisiwani tumezoea kwamba damu ya mkojo ni kichocho, na kwa mtoto mara nyingi ni kweli. Lakini mayai ya kichocho yanayoganda kwenye ukuta wa kibofu kwa miaka ndiyo hayo hayo yanayoweza kuleta saratani ya kibofu baadaye. Dawa huua minyoo, haiondoi kovu. Mtu mzima anayekojoa damu, khasa bila maumivu, na damu ikarudi baada ya tiba, anahitaji kutazamwa kibofu.

Apimwe mkojo kwanza. Aukusanye kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi, na achukue matone ya mwisho, si ya mwanzo. Mayai yakionekana apewe dawa kwa uzito wake: miligramu 40 kwa kila kilo, yaani mtu wa kilo 60 hupewa vidonge 4 vya miligramu 600, ameshiba. Yasipoonekana, au yakiisha na damu ikabaki, aandikiwe altrasaundi ya kibofu na figo, kisha rufaa ya kuingiziwa kamera ndogo na kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara. Amwambie daktari waziwazi kwamba alishameza dawa mara mbili, asije akapewa ya tatu na kurudishwa nyumbani.

Mama yetu anakula tambuu tangu usichana. Sasa mdomo haufunguki vizuri, pilipili inamuunguza. Tunaambiwa ni uzee.

Si uzee. Mwambieni asimamishe vidole vyake vitatu kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, nyama za mashavu zimeanza kukakamaa, na hali hiyo huweza kugeuka saratani. Popoo ndiyo yenye kosa kubwa. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO linaihesabu popoo yenyewe, hata bila tumbaku, kuwa inasababisha saratani. Chokaa na tumbaku huzidisha. Mpelekeni kwa daktari wa meno na atazamwe chini ya ulimi na ndani ya mashavu mahali anapoweka tambuu: alama nyeupe au nyekundu isiyofutika, au kidonda kilichopita wiki 2, kichukuliwe kinyama. Na popoo aiache leo. Tunajua tambuu ni heshima ya mgeni na ya harusi. Sahani ya asumini na halua nayo ni heshima.

Tunataka kuanzisha mfuko wa kusaidia wagonjwa wanaopelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Tuanze na kiasi gani? (Kamati, Wete)

Anzeni na siku, kisha mpige hesabu ya pesa. Mifuko mingi hukusanya nauli ya boti, mgonjwa akafika Dar es Salaam, na wiki ya tatu akarudi tiba haijaisha kwa kuwa pa kulala na pa kula pamemshinda. Mionzi iliyokatika katikati hupoteza nguvu, na hailipwi kwa kurudi mwezi ujao.

Saratani ya mlango wa kizazi, kwa mfano, kwa kawaida hupigwa mionzi ya nje mara 25, siku 5 kwa wiki, yaani wiki 5. Katika wiki hizo hupewa pia dawa ya mshipa mara moja kwa wiki, na kuna mionzi ya ndani. Kabla ya hapo kuna siku za kupimwa na kuchorwa alama za mwilini (alama hizo zisisuguliwe zikafutika). Wekeni wiki 8, kwa watu wawili, mgonjwa na msaidizi wake: chumba, chakula, daladala ya kila siku, vipimo vya damu vya kila wiki, nauli za boti kutoka Pemba hadi Unguja na Unguja hadi Dar kwenda na kurudi, na akiba ya safari moja ya ghafla. Mkipata ya mtu mmoja kamili, msaidieni mmoja akamilishe. Kuwagawia wanne robo robo ni kuwakwamisha wote wanne, japo tunajua ugumu wa kumwambia jirani asubiri.

Kabla hajapanda boti kagueni mkoba wake: barua ya rufaa, majibu ya kinyama, na kipande chenyewe cha kinyama kilichohifadhiwa maabara kama watatoa, picha zote, kitambulisho, kadi ya bima kama anayo. Asiye na majibu ya kinyama hukaa mjini wiki nzima akila pesa ya mfuko bila kuanza tiba.

Damu nayo ni mchango. Mgonjwa anayetokwa na damu hawezi kuendelea na tiba damu ikishuka, na vijana wenu wanaweza kujitolea: wanaume kila miezi 3, wanawake kila 4. Watu wawili watie saini kila pesa inapotoka. Picha ya mgonjwa isizungushwe kwenye simu za watu. Mtoto wake yumo skuli na wenzake wana simu.

Nimetolewa ziwa moja. Titi bandia la dukani ni ghali. Naweza kushona? Na mkono umeanza kujaa.

Unaweza, na vikundi vinavyotuandikia vikashone nawe. Kwa wiki 6 za mwanzo jaza pamba tupu, kovu halitaki uzito. Likishapona, chora umbo la kikombe cha sidiria yako juu ya kitambaa laini cha pamba, kata vipande viwili, cha nyuma kiwe bapa. Uzito utoke kwenye kifuko kidogo cha ushanga kinachowekwa chini, upande wa kifua, halafu pamba juu yake. Wengine hutia mchele au mtama. Masika huota ukungu. Anza na gramu 150, vaa, simama mbele ya kioo, ongeza mpaka mikanda ya sidiria ikae sawa mabega yote mawili. Bila uzito unaolingana bega hupanda na mgongo huuma. Mwisho, shonea ndani ya sidiria mfuko wenye mdomo unaofungika kwa juu, ili ukisujudu lisichomoke.

Mkono uonwe mapema, maana uvimbe wa wiki mbili hupungua kuliko wa miaka miwili. Pete au bangili inayobana ndiyo dalili ya kwanza. Kila siku tambaza vidole ukutani kama buibui anayepanda, weka alama ya chaki ulipofika, kesho upite. Zamani walikatazwa kunyanyua kitu maisha yao yote. Siku hizi huzoeshwa uzito kidogo kidogo. Unachokwepa ni majeraha: vaa glavu ukipaa samaki, angalia meno ya mbuzi ukikuna nazi. Mkono ukiwa mwekundu na moto, hospitali siku hiyo hiyo. Na kama umeandikiwa kidonge cha homoni cha kila siku, ni cha miaka 5 au zaidi. Usikiache kwa sababu umepata nafuu.

Mke wangu amemaliza mionzi ya kizazi. Tunaogopa kurudi chumbani. Nitaambukizwa?

Hutaambukizwa saratani, wala mionzi haibaki mwilini mwake. Tatizo ni jingine: njia hukauka na huweza kushikana. Ndiyo maana wiki chache baada ya mionzi, daktari akishaona pamepona, hupewa kifaa laini cha kupanua, dakika 5 hadi 10, mara 3 kwa wiki, pamoja na kilainishi cha majimaji cha dukani. Matone ya damu kidogo mwanzoni si ajabu. Ikiwa nyingi arudi.

Ombi letu kwa masomo na makungwi: msimpe shabu wala majani ya kubana, wala asifukize udi huko. Ngozi hiyo imeungua, na kubana ndiyo maradhi anayopigana nayo. Nawe ndugu yetu, usimharakishe. Kulala karibu naye tu, bila lolote, kunamwambia hajaachwa.

Baba amerudi Pemba kutoka Dar baada ya dawa ya mshipa ya saratani. Jana usiku alipata homa, tukampa panadoli akalala. Tulifanya vibaya?

Mpelekeni hospitali sasa, msomapo hapa, hata kama homa imeshuka. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, askari wa damu, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, huwa wachache mno, na panadoli huficha homa bila kuzuia kinachoileta. Kipimo kikifika nyuzi 38 aende hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, iwe Wete, Chake au Mkoani, bila kungoja boti ya asubuhi. Mlangoni semeni kwanza kabisa kwamba yuko kwenye dawa za saratani, na muwape kadi yake yenye tarehe ya dozi ya mwisho.