Vitu tisa angani mwaka 1947: je, ni majini?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Kaka yangu anashikilia kuwa vile visahani vya angani alivyoviona rubani wa Marekani mchana kweupe mwaka 1947 ni majini, na kwamba anayebisha imani yake ina kasoro. Mimi nadhani huenda ni viumbe wa sayari nyingine. Je, nimekosea?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Tuanze na alichokiona rubani mwenyewe, maana hapo ndipo wengi hupita mbio. Tarehe 24 Juni 1947, yapata saa tisa alasiri, rubani huyo, Kenneth Arnold, alikuwa peke yake katika ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier, jimbo la Washington huko Marekani, akiangaza macho kutafuta ndege ya jeshi iliyopotea. Mmweko ukampiga machoni, kisha akaona vitu tisa vikipita kwa msururu. Akahofia ni mng'ao wa kioo tu, akafungua dirisha, bado akaviona. Akatazama saa: toka Mlima Rainier hadi Mlima Adams vilichukua dakika 1 na sekunde 42. Alipopiga hesabu akapata zaidi ya kilomita 1,900 kwa saa. Wallahi, laiti nasi tungepima habari hivyo kabla ya kuzisambaza!

Baadaye alieleza kwamba alifananisha mwendo wa vitu hivyo na sahani inayorushwa ikadundadunda juu ya maji. Yeye kataja mwendo, magazeti yakashika umbo, na tangu hapo watu wakawa wanaona visahani.

Katika Suratul Israa, aya ya 36, Allah ametukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo: masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Majini wapo, na kukanusha kuwapo kwao ni kukanusha Qur'ani. Ila kusema *hivi tisa* ni majini ni kudai habari ya ghaibu bila dalili. Nawe vilevile, ndugu yangu. Suratu Shuraa, aya ya 29, inataja viumbe aliowaeneza Allah mbinguni na ardhini, kwa hiyo kuona jambo hilo linawezekana hakukutoi katika dini. Lakini aya haikusema ndio wale wa Mlima Rainier.

Linaloniumiza zaidi ni kauli ya kaka yako. Nguzo za imani ni sita, na hili halimo. Kumtia Muislamu dosari ya imani kwa jambo kama hilo ni kauli nzito, aifute na amwombe Allah msamaha. Mweleze kwa upole, yeye ni mkubwa wako.

Wallahu aalam.