Kurekebisha ruta iliyo mbali: hali salama na mipaka yake

Ndugu, umeuliza utumie hali ipi unaporekebisha ruta (kifaa kinachoelekeza mawasiliano ya mtandao) ya kampuni ya MikroTik iliyoko Nachingwea ukiwa Lindi mjini, kwa kuwa juzi ulibadilisha anwani yake ya IP (namba inayoitambulisha mtandaoni) ikakupotea papo hapo, ikabidi uifuate. Nitajibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Msimu mmoja wa korosho nilikuwa Mtwara, nikiihudumia kwa Winbox, programu ya kompyuta ya kusimamia MikroTik, ruta ya ofisi ya ghala huko Masasi. Niliweka kanuni ya kuzuia mawasiliano yote yanayoingia kwenye ruta, nikaitanguliza juu ya ile iliyoniruhusu mimi. Ruta husoma kanuni kutoka juu kwenda chini, hivyo nilikatika mara moja; na kwa kuwa MikroTik huhifadhi badiliko pale pale unapolikubali, kuizima na kuiwasha hakukusaidia kitu. Alfajiri nilipanda basi, safari ya takriban kilomita 200 kupitia Mnazi Mmoja na Ndanda, na iliniuma sana kujua kwamba watu wa ghala wamekwama kwa kosa langu.

Tangu siku hiyo siigusi ruta ya mbali kabla sijabonyeza kitufe cha hali salama kilichoko juu kwenye dirisha la Winbox, au Ctrl na X kwa wanaotumia amri za maandishi. Ukiwa katika hali hiyo, muunganisho ukikatika ghafla, ruta husubiri muda wa TCP (utaratibu unaoshikilia muunganisho) uishe, yaani dakika 9, kisha hutengua yote uliyoyafanya tangu ulipobonyeza. Nimewahi kukatika tena, nikakaa kimya nikitazama saa, na ruta ikarudi yenyewe. Ukisharidhika na kazi, bonyeza tena ili mabadiliko yabaki.

Kuna mpaka ambao wengi hawaujui: kumbukumbu ambayo ruta huitumia kutengua mabadiliko hubeba vitendo 100 tu vya karibuni. Ukizidisha, ruta hujitoa katika hali salama na haitengui chochote, kwa hiyo fanya kazi kidogo kidogo, ukitoka na kuingia tena kila hatua inapokamilika.

Kwenye ruta za kampuni ya Cisco, ambazo zikiwashwa upya hurudia mpangilio uliohifadhiwa, mimi huiagiza ruta ijiwashe upya baada ya dakika 10, na sihifadhi mabadiliko mpaka nimehakikisha bado naifikia, ndipo nafuta agizo hilo. Juniper, watengenezaji wengine wa ruta, wamelitatua vizuri zaidi, kwa maoni yangu: mabadiliko hukaa kama rasimu, na unaweza kuyatekeleza kwa sharti kwamba usipoyathibitisha ndani ya dakika 10, ruta inarudia mpangilio wa awali.

Kwa anwani yako ya Nachingwea, washa hali salama, ongeza anwani mpya bila kuiondoa ya zamani, kisha fungua dirisha la pili la Winbox uingie kwa ile mpya. Ikikubali, toka kwanza katika hali salama ili anwani mpya ibaki, halafu uiwashe tena kutokea dirisha la pili ndipo uifute ya zamani.